Kazi za moshi

Daktari alimuuliza bibi ameanza lini kuvuta sigara. Bibi akanigeukia, maana Kiswahili cha haraka kilikuwa kinampita, nikamwambia kwa Kibena. Akajibu kwamba hajawahi kutia mdomoni sigara wala ugoro. Daktari akaiinua tena picha ya kifua kwenye mwanga, akaitazama kwa muda, kisha akauliza, “Unapikia nini?”

“Kuni.”

“Tangu lini?”

Bibi akanyoosha kiganja juu ya sakafu kuonyesha kimo, kama cha mtoto wa miaka sita.

Ilikuwa Njombe, mwezi wa saba, baridi ile inayokausha majani ya viazi shambani kwa usiku mmoja. Mwaka ulikuwa 2009 na mimi nilikuwa nimemaliza chuo. Daktari alitueleza kwa upole kwamba mapafu ya bibi yamechakaa kama ya mtu aliyevuta sigara miaka mingi, na kwamba dawa zitamsaidia apumue vizuri zaidi lakini hazitamrudishia kilichokwisha kuharibika. Nyumbani ugonjwa ule tulikuwa tukiuita pumu. Lawama zote tulikuwa tumeitupia baridi.

Jiko la bibi lilikuwa nyumba ya peke yake, hatua chache kutoka nyumba kubwa. Kuta za matofali mabichi, paa la bati, mlango mmoja, kidirisha kisichozidi upana wa daftari. Katikati, mafiga matatu. Juu ya mafiga, dari ya miti na mianzi, na juu ya dari hiyo mahindi ya kula mwaka mzima. Boriti, ukuta na bati vyote vilikuwa vyeusi vya kung’aa, na masizi yalining’inia kama nyuzi za buibui. Mara mojamoja uzi mmoja ulikatika ukaangukia kwenye mboga. Bibi aliuokota kwa ncha ya kidole bila kukatiza maneno yake.

Ninakumbuka zaidi alivyokuwa akipuliza moto. Kuanzia Novemba mpaka masika yaishe, kuni za kwetu huja na maji yake. Bibi alipiga magoti, akalaza shavu karibu kabisa na ardhi, akageuza uso pembeni kuvuta pumzi, kisha akageuka na kupuliza, pumzi ndefu, nyembamba. Moshi wote ukamrudia usoni. Akafumba macho, akasubiri upungue, akapuliza tena. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda mlangoni, na kila nilipokohoa alinitania, “Mume wangu huyu, moshi kidogo tu machozi!” Alikuwa akiniita mume wake, kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma utafiti uliofanywa Laikipia, Kenya, na Majid Ezzati na Daniel Kammen, uliochapishwa mwaka 2001. Walikaa kwenye nyumba za watu, wakapima moshi na kuandika kila mtu yuko wapi na anafanya nini. Wakagundua kwamba moshi anaouvuta mpishi hauwezi kujulikana kwa kupima wastani wa hewa ya jikoni peke yake. Sehemu kubwa huingia katika dakika chache anapouinamia moto: kuwasha, kuchochea, kukoroga, kuepua. Niliposoma hapo niliiona tena ile sura iliyofumba macho. Wakati ule wote bibi alikuwa akinywa moshi kwa mdomo wazi, na mimi nilikuwa nimeketi hapo.

Bibi alifariki mwezi wa nane mwaka 2011. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya vifo hivyo ni vya watoto wasiotimiza miaka mitano. Namba hizo nimezisema mbele ya watu mara nyingi. Sijawahi kuzisema bila kukiona kile kiganja kilichonyooshwa juu ya sakafu ya hospitali.

Mwaka uliofuata msiba nikapata kazi kwenye mradi wa majiko banifu, na ninakiri kwamba niliingia na hasira. Niliyachukia mafiga. Nilitaka kuyang’oa kila nyumba niliyoingia. Jiko letu lilijengwa kwa matofali na udongo, lilikuwa na mashimo mawili ya sufuria, mlango wa kuni kwa mbele, na bomba la bati la kutolea moshi nje kupitia ukutani. Wazo moja lilikuwa langu, na nililipigania kikaoni mpaka likapita: jiko liwe la kimo cha kiuno, ili akina mama wasiiname tena. Niliamini nampigania bibi. Tukajenga, tukapiga picha, tukajaza fomu. Katika ripoti, kila jiko lililojengwa lilihesabiwa kuwa ni kaya moja iliyotoka kwenye moshi.

Niliporudi baada ya mwaka, nyumba ya kwanza niliyoingia, juu ya jiko letu palikuwa pamepangwa sahani, redio na beseni la unga. Nyumba ya pili bomba lilikuwa limeziba kwa utomvu mweusi kama lami, na moshi ulikuwa ukitokea kwenye mlango wa kuni, ukimwendea mpishi moja kwa moja. Ya tatu ilikuwa kwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyerithi jiko la bibi. Jiko banifu lilikuwa zima. Lilichemsha chai asubuhi. Pembeni yake, mahali palepale pa zamani, mafiga matatu, na makande yakitokota.

“Mama, kwa nini hamkuniambia?”

“Ulikuja na wageni, mwanangu,” akasema. “Mtu unaanzaje kumwambia mgeni kwamba zawadi yake haisongi ugali?”

Kisha akasimama kunionyesha. Ugali wa kaya ya watu wanane si uji. Unga ukikolea, msongaji anahitaji kuuelemea mwiko kwa mabega na mgongo, na sufuria isitikisike. Kwenye mafiga anakaa kwenye kigoda, sufuria iko chini yake, uzito wa mwili wote unashuka kwenye mwiko. Kwenye jiko langu la kimo cha kiuno, mwiko ulimfika kifuani, mikono ikafanya kazi peke yake, na kila alipokaza, kingo za udongo zilimeguka. Nilikuwa nimewaondolea kuinama na nimewaondolea nguvu za kusonga.

Hayo yalikuwa ya ugali tu. Jioni ile nilikaa nao mpaka usiku. Mzee wa nyumba aliingia na koti lake akakaribia mafiga, watoto wakajipanga na madaftari yao, jirani akapita akaketi. Jiko letu lilikuwa limeuficha moto ndani ya matofali, jambo ambalo mafunzoni tulilisifu sana. Njombe, mwezi wa saba, nani anataka moto uliofichwa? Na juu ya vichwa vyetu yalikuwa mahindi darini. Yale mahindi hayakuwekwa pale kwa kukosa nafasi. Moshi na joto huyakausha na kumfukuza mdudu. Tangu dumuzi, mdudu anayeweza kugeuza gunia kuwa vumbi, aingie nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, familia isiyo na pesa ya dawa inaulinda mwaka wake wa chakula kwa moshi.

Mafiga yalikuwa mpishi, hita, taa, sebule na ghala. Mimi nilileta kitu cha kuchukua nafasi ya kazi moja kati ya hizo tano, tena nacho hakikuiweza vizuri. Moshi ulikuwa na kazi zake katika nyumba ile, na hakuna aliyekuwa amezigawa upya.

Watu wengine wanaweza kusema: lakini si nusu ya mapishi yamehamia kwenye jiko jipya? Nusu si haba. Na mimi nilijifariji hivyo kwa miezi, hadi nilipoanza kusoma matokeo ya wenzetu. Huko milima ya Guatemala, Kirk Smith, mtafiti Mmarekani aliyelifanyia kazi jambo hili mpaka alipofariki mwaka 2020, yeye na wenzake walizigawa nyumba zaidi ya 500 kwa bahati nasibu: baadhi zikajengewa majiko yenye dohani, nyingine zikaendelea na moto wa wazi. Moshi unaowafikia watoto ulipungua kama nusu. Nimonia kali ilipungua, lakini nimonia kwa jumla haikupungua kiasi cha kuwaridhisha wenyewe waliopima. Malawi utafiti ulikuwa mkubwa zaidi, wa watoto zaidi ya 10,000, na majiko ya kisasa yenye feni. Matokeo yalitoka mwaka 2016: nimonia ilikuwa ileile kwa waliopewa majiko na wasiopewa. Majiko yaliharibika, na watoto waliendelea kuvuta moshi wa takataka zinazochomwa, wa sigara, na wa mioto mingine iliyowazunguka.

Smith na wenzake walionyesha sababu, na kwangu ndiyo habari nzito kuliko zote katika jambo hili. Mapafu ya mtoto hayakupi faida sawasawa na juhudi yako. Ukitoka kwenye moshi mwingi kupita kiasi ukafika kwenye moshi mwingi, unapata faida kidogo. Faida kubwa iko mwisho kabisa wa njia, pale hewa inapokaribia kuwa safi. Kwa hiyo mafiga yanayowashwa mara moja kwa siku pembeni ya jiko zuri yanakula karibu faida yote ya jiko hilo. Ripoti zetu zilihesabu majiko yaliyojengwa, na hazikuwa hata na safu ya kuandika mafiga yaliyobaki.

Mwaka 2015 niliomba likizo ya wiki mbili nikaenda kupika. Mama mdogo alikubali kwa sharti moja, kwamba nisiandike kitu nikiwa mbele ya sufuria. Nilikwenda na kifaa kidogo cha kupimia vumbi la moshi, nilichoazima. Asubuhi ya kwanza nikawasha mafiga kwa kuni za muwati zilizokatwa juzi yake, nikapiga magoti, nikapuliza. Kifaa kiligota 999, namba ya mwisho kinayoweza kuonyesha, kikabaki hapohapo. Nilitoka nje nikashika ukuta. Mama mdogo akaja na kikombe cha maji, akasema kwa sauti ya chini, “Kuni hizo bado zinalia, mwanangu.”

Akanipeleka nyuma ya nyumba akanifundisha kuzisikiliza. Ukigonganisha vipande viwili vikavu, mlio ni mkali, unakwenda mbali. Vibichi vinatoa sauti iliyokufa. Ukitazama kichwa cha kipande kikavu utaona nyufa zinazotoka katikati kama miale. Haya bibi aliyajua, mama mdogo aliyajua, na hayakuwamo hata katika ukurasa mmoja wa mwongozo wetu. Gogo bichi lina maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Moto unatumia joto lake kuyachemsha hayo kwanza, na wakati huohuo mvuke wa mti wenyewe, ule ambao ungetakiwa kuwaka, unapanda juu ukiwa haujashika moto. Huo ndio moshi. Anayetoka nje akikohoa anakohoa kuni ambazo hazikuungua, kuni ambazo mtu amezibeba kichwani kutoka bondeni.

Basi kwa nini hakuzikausha, wakati anajua? Nilimuuliza. Akanijibu kwamba shoka la nyumba lina mpini uliovunjika na kupasua gogo la muwati ni kazi ya mwanamume, na wanaume wa nyumba ile hupasua siku kuni zikiisha. Mwanamke anapika na alichonacho siku hiyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wiki zile mbili ilikuwa shoka, na baada ya shoka, mimi na binamu zangu wawili tukapasua vipande vya unene wa kifundo cha mkono kwa siku nne. Tukajenga uchanja wa miti upande wa jua, tukauezeka kwa mabati chakavu, ukainuliwa kutoka ardhini ili upepo upite chini. Tulikubaliana, mbele ya mzee wa nyumba, kwamba kuni zitapasuliwa Juni na Julai, kipindi cha ukavu, na zitatumika mvua zikianza. Uchanja ule umefanya zaidi ya majiko yote niliyoyajenga mwaka wa kwanza. Ninasema hivi kwa uhakika wote nilionao.

Jiko tulilibomoa tukalijenga upya kwa kimo cha goti. Mama mdogo aliketi kwenye kigoda chake, fundi akapima mkono wake na mwiko wake. Sufuria ya ugali tukaizamisha ndani ya tundu, ikabaki nafasi ndogo tu pembeni yake ya kupita moto, na ikashikwa kwa chini isitikisike. Bomba tukalipandisha mpaka likapita mgongo wa paa, kwa sababu bomba likiwa fupi, upepo wa kwetu ukivuma unaurudisha moshi ndani. Kwa kulisafisha kuna kamba yenye fungu la matawi, na mtoto mkubwa wa nyumba anajua kwamba kila mwezi ni zamu yake. Benchi la matofali tuliliunganisha na ubavu wa jiko, na udongo ule mnene hushika joto mpaka watu wakalale. Mzee analalamika kwamba moto hauonekani. Ana haki, lakini ameketi hapo kila jioni.

Hapa nitoke nje kidogo ya njia, kwa sababu ni suala la uhai. Nyumba nyingi za kwetu zilizochoka na moshi zimejibu baridi kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, na watu hudhani kisichoonekana hakipo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa huo, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukohoa. Ninaomba kila anayesoma haya, akiwa na ndugu anayeishi sehemu za baridi, amwambie hili kwa simu leo.

Mahindi yalishuka darini yakiwa yamekauka, yakaingia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Ukiifunga vizuri, mdudu aliyemo ndani hukosa hewa akafa. Mama mdogo hakuniamini. Alijaza mfuko mmoja tu, mengine akayaacha juu. Mwaka uliofuata akanunua mifuko mitatu, na dari ikabaki na mbegu peke yake.

Sitaki mtu anielewe kwamba kuni kavu ni nishati safi. Baada ya yote hayo niliwasha kifaa tena. Namba ilikuwa imeshuka sana, na bado haikukaribia mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa saa 24 usikizidi. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Ninautakia mema kwa moyo wote. Ila nimeona mitungi ya gesi ya kilo 6 iliyogawiwa ikawa stuli ya kukalia, kwa sababu kujaza mtungi upya ni zaidi ya shilingi 20,000 taslimu na duka liko safari ya bodaboda, huku kuni hazidai pesa siku hiyo. Kwa mama mdogo mtungi upo na unatumika: chai ya alfajiri, uji wa mtoto, kupasha kiporo, yaani zile mara za kuwasha moto kwa jambo dogo, ambapo mpishi huvuta moshi mwingi kwa chakula kidogo. Umeme ulipofika kijijini, binti yake alimletea sufuria ya presha ya umeme. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa chini ya yuniti 1. Makande yaliyokuwa yakitokota mchana kutwa, yale yaliyoyarudisha mafiga, ndiyo yaliyohama ya mwisho.

Mafiga yenyewe tuliyatoa pamoja, jiwe moja moja. Moja lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na upande uliokuwa ukitazama moto lilikuwa limepasuka na kuwa jekundu. Yako nje chini ya mparachichi. Msiba au harusi ikitokea, yanawashwa hapo uwanjani, kwa sufuria kubwa.

Baada ya hapo tulikwangua masizi ya ukutani kwa jembe siku mbili, tukapaka chokaa. Lilikuwa wazo la mama mdogo. Alisema ukuta mweusi haumwambii mtu kitu. Sasa kila nikifika, kabla ya maji ya kunywa, ananiita jikoni. Desemba iliyopita juu ya mlango wa kuni palikuwa na doa la kahawia, upana wa sinia. Kona zilikuwa bado nyeupe. Alipitisha kiganja juu ya doa, akakigeuza, akakisogeza mwangani dirishani ili nikione, kisha akapitisha kiganja cha pili kwenye ukuta wa upande anaolala mjukuu wake mchana. Tukavitazama vyote viwili.

“Hapa bado,” akasema, akinionyesha kile cha kwanza. “Bomba halijasafishwa mwezi huu. Muite kijana.”